Safari ya Kwanza Iwe Fupi

Wako watu wasemao kwamba kujaribu ni anasa ya matajiri. Nimewasikia Dar es Salaam, nimewasikia Mwanza, na kwa masikitiko makubwa zaidi nimewasikia hapa Tabora, mji ambao ungepaswa kuwa wa mwisho kutamka neno kama hilo. Nakusudia kuwapinga, wala sitawapinga kwa upole.

Kwanza nieleze kinachobishaniwa, maana si kila msomaji anashinda mbele ya kompyuta. Zamani ofisi iliyotaka mtambo wa kompyuta ilinunua mashine, ikaziweka katika chumba chenye feni, ikamwita fundi avute nyaya. Siku hizi ofisi nyingi hazinunui kitu. Hukodi nafasi katika mashine za watu wengine zilizo mbali, Cape Town au Ireland, na mpango huo mzima huitwa wingu. Fundi naye havuti nyaya tena. Anaandika maandishi ya amri. Anaandika kwamba ziwepo seva mbili, liwepo ghala moja la kumbukumbu, mlango huu ufunguliwe kwa fulani na ufungwe kwa wengine wote, na nakala ya akiba ichukuliwe kila usiku. Programu kama Terraform, iliyotolewa mwaka 2014 na kampuni ya HashiCorp, huyasoma maandishi hayo na kuvijenga vitu vyote kwa dakika chache. Kuvibomoa ni amri moja tu.

Tusimame kidogo hapo kwenye kubomoa. Mjenzi wa daraja hawezi kulijenga daraja zima, akalipitishia malori, akalivunja, kisha akalijenga upya kwa ajili ya sherehe ya ufunguzi. Fundi wa wingu anaweza. Anaweza kuingia kazini asubuhi, akasimamisha mtambo uliolingana na ule utakaotumika, akaugonga huku na huku, akauvunja kabla ya chai ya saa nne, na asiache nyuma yake ila kodi ya saa chache. Nafasi ya namna hii mafundi wa mawe na chuma hawakuipata. Aliyeipata akaiacha, tumwiteje?

Tena hata kazi ya kuandika majaribio imerahisishwa. Mwaka 2018 kampuni ya Gruntwork ilitoa bure Terratest, ambayo ni mkusanyiko wa vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa katika lugha ya Go, mtu avichukue na kuvitumia. Mafundi huuita mkusanyiko kama huo maktaba, ingawa hamna hata kitabu kimoja ndani yake. Jaribio lenyewe huwa fupi. Mwanzoni kabisa huwekwa agizo kwamba kazi ikiisha, hata kama imeshindwa, kila kitu kibomolewe. Kisha mtambo hujengwa kweli, si kwa kuigiza. Halafu huulizwa maswali. Anwani imejibu? Imejibu lile neno lililotarajiwa? Mlango unaopaswa kufungwa, ukigongwa kutoka nje, umefungwa? Na tangu mwaka 2023 Terraform yenyewe ina amri yake ya kujaribu, kwa hiyo asiyetaka kujifunza Go naye hana pa kujificha.

Sasa nije kwetu. Wanyamwezi walitembea njia ya Bagamoyo hadi Unyanyembe, na kutoka Unyanyembe hadi Ujiji, na mizigo ya frasila mbili mabegani. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871, akafika Kwihara mwezi Juni. Katika miezi yote hiyo hapakuwa na duka la kununulia kamba iliyosahauliwa. Ndiyo maana ilikuwa desturi ya misafara kwamba siku ya kwanza watu watembee kidogo tu, kisha wapige kambi. Kambi ya kwanza ya Stanley ilikuwa Shamba Gonera, karibu na mji aliotoka. Mgeni asiyejua huona uvivu hapo. Lakini hapo ndipo mzigo uliofungwa ovyo ulipofumuka, mpagazi mgonjwa alipojulikana, na yule aliyepokea malipo ya mwanzo kisha akatoroka alipokosekana, na yote hayo wakati mtu bado anaweza kurudi mjini na kurekebisha. Zingatia kwamba waliotembea ni msafara wote, pamoja na mizigo yote, kirangozi akiwa mbele. Hawakumzungusha mpagazi mmoja uani wakasema msafara umekwisha kupimwa.

Nasema hivyo kwa sababu wapo mafundi wanaofanya hivyo hasa. Wanayapitisha maandishi yao katika programu inayoangalia kama yameandikwa sawasawa, au wanajenga wingu la kuigiza ndani ya kompyuta yao, wakiona rangi ya kijani wanafunga kazi. Sikatai kwamba ukaguzi huo una faida yake. Hukamata makosa ya uandishi kwa sekunde chache na bila gharama. Lakini haukuambii kama mlango umefungwa. Unakuambia tu kwamba neno "mlango" limeandikwa vizuri.

Atakaye kuona mradi mkubwa ulioruka kambi ya kwanza, apande gari aende Urambo. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe mdogo ulioongozwa na John Wakefield kuangalia kama karanga zinaweza kulimwa Tanganyika kwa mashine. Ujumbe ulizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza ekari 3,210,000. Kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, halafu Urambo na Nachingwea. Hapakuwa na shamba la majaribio la kutosha. Hapakuwa na kumbukumbu za mvua za miaka mingi. Matrekta yalikuwa mabaki ya vita, na mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru. Mibuyu na mizizi ya Kongwa iliyavunja, na udongo wake, ukikauka, uligeuka kama saruji na kuzishika karanga ndani. Lengo la mwaka ule wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Mradi ulifutwa Januari 1951, na hasara ikazidi pauni milioni 35. Baadaye Urambo ikageuzwa kuwa nchi ya tumbaku, na kwa tumbaku inajulikana hata leo. Mambo hayo yote, udongo, mvua na mizizi, yangejulikana katika ekari mia tano. Waliokuwa na haraka waliona ekari mia tano ni kupoteza msimu.

Huenda mtu akaniambia, bwana, hiyo ni karanga, mimi nashughulika na seva. Basi nimpe la seva. Miaka michache iliyopita chama kimoja cha wakulima katika mkoa wetu, ambacho sitakitaja, kilihamishia hesabu zake za malipo kwenye wingu. Aliyepewa kazi alikuwa na maandishi mazuri, nimeyaona. Usiku wa kuamkia siku ya malipo akabadilisha mistari michache inayohusu ulinzi, na mistari hiyo ikaufunga mlango uliokuwa kati ya programu ya malipo na ghala la kumbukumbu. Asubuhi wakulima wamekaa chini ya miembe. Mwenyekiti, mzee wa heshima, akamwuliza, "Kijana, hela za watu ziko wapi?" Naye akajibu, "Mzee, kwangu ilikubali." Ilikubali kwake kwa sababu kompyuta yake yeye ilikuwa imeruhusiwa kupita mlango wa pembeni.

Ilichukua siku tatu. Siku tatu si nyingi katika mahesabu ya ofisi. Lakini ilikuwa Januari, ada zinadaiwa, na walanguzi walikuwepo palepale na fedha taslimu. Mkulima mmoja niliyekaa naye aliuza stakabadhi yake kwa theluthi mbili ya thamani yake ili mtoto asirudishwe shuleni. Theluthi iliyobaki hakuna aliyemrudishia. Jaribio la kugonga mlango ule lingekuwa na mistari kumi na tano, na lingemaliza kazi kabla ya jogoo kuwika.

Tena huambiwa kwamba mtandao wetu ni mbovu, basi majaribio haya ni ya Wazungu. Mimi naona kinyume chake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Aishiye mwisho wa waya mrefu ndiye hasa anayepaswa kujua mapema mtambo wake utafanya nini waya ukikatika: utahifadhi malipo na kuyatuma baadaye, au utayalipa mara mbili? Hilo nalo hujaribiwa. Unajenga, unaifunga njia kwa makusudi, unatazama.

Wala sisemi kwamba maktaba hizi zina uganga. Zina mitego, na anayezisifu bila kuitaja anadanganya. Terratest ina vipande vinavyorudia swali mara nyingi mpaka jibu lipatikane, kwa kuwa seva mpya huhitaji dakika kadhaa kuamka. Hiyo ni sawa. Lakini nimeona mtu akiongeza marudio kutoka kumi hadi mia ili tu rangi ya kijani itokee, na mtambo unaojibu mara moja katika mara kumi ukapita kama mzima. Mtego mwingine ni wa saa. Lugha ya Go, isipoambiwa vinginevyo, hulikata jaribio likifika dakika kumi, na likikatwa hivyo lile agizo la kubomoa halitekelezwi. Seva zinabaki zinanguruma huko Ireland na kodi inahesabiwa. Wengi wasemao kujaribu ni ghali waliumwa hapo, wakalaumu kujaribu badala ya kuongeza muda na kutenga akaunti ya majaribio peke yake, inayofagiliwa kila usiku.

Kuhusu gharama nina neno moja tu. Mizani ya kupimia tumbaku haiaminiwi kwa sababu mwenye mizani ni mtu mwema. Wakala wa Vipimo huikagua kwa mawe ya uzito unaojulikana na kuigonga muhuri, na mkulima asiyejua kusoma anajua kuutafuta muhuri huo. Mkataba wa mtambo wa malipo niliousimulia ulikuwa na kurasa kumi na nne. Niliusoma mara mbili. Umetaja posho, umetaja usafiri, umetaja rangi za nembo, na neno "jaribio" halimo.