NDUWA ZA KILIMANJARO ZISIZIBWE KWA PUPA

Mtu aliyeko Soweto, mjini Moshi, akitazama juu asubuhi isiyo na mawingu huiona theluji ya Kilimanjaro. Haioni mifongo, yaani mifereji ambayo Wachagga waliichimba tangu kabla ya ukoloni, wala mabwawa madogo ya mifongo hiyo yaitwayo nduwa. Maji ya mfongo huingia katika nduwa usiku kucha, tundu la kutolea likiwa limezibwa. Alfajiri tundu hufunguliwa, na mwenye zamu hupata maji mengi kwa mkupuo mmoja, yenye nguvu ya kufika hata shamba la mbali. Mkondo mwembamba peke yake humezwa na ardhi njiani.

Nduwa ni bwawa la udongo, na bwawa la udongo lisilotunzwa huvuja. Linapovuja, ushauri wa kwanza unaosikika siku hizi ni saruji. Sisi hatuna ugomvi na saruji. Penye tundu la kutolea maji na penye njia ya maji yanayofurika inafaa sana. Lakini ni makosa kuimwaga kabla ya kujua maji yanapotokea. Mara nyingi hupenya kandokando ya bomba la kutolea, au penye mizizi iliyooza, au penye mashimo ya panya. Zege jembamba lililotandazwa juu ya udongo unaovimba masika na kusinyaa kiangazi hupasuka. Maji hupita nyuma yake, huula ukingo kwa siri, na siku ukingo unapokatika hasara humfikia kila aliye chini yake.

Kupima si kazi ngumu. Bwawa lijazwe jioni, maji yanayoingia yafungwe, kijiti chenye alama kisimamishwe, na asubuhi kina kisomwe. Jua haliwezi kusingiziwa usiku. Kisha tope litolewe, penye kasoro pachimbwe hadi kwenye udongo mzima, na udongo wa mfinyanzi wenye unyevu urudishwe kwa matabaka membamba, kila tabaka likishindiliwa barabara. Bwawa lijazwe mapema, kabla jua halijaupasua udongo huo.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanalifahamu jambo hili kwa upande wao. Mahamamu ya Kidichi, yaliyojengwa na Seyyid Said mwaka 1850, na yale ya Hamamni ya enzi za Seyyid Barghash, ni kazi ya mawe na chokaa. Mafundi wa Mji Mkongwe wanajua kwamba ukuta wa namna hiyo ukipigwa plasta ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, chokaa hulegea, na plasta hubanduka pamoja na sehemu ya ukuta. Birika la mawe si nduwa ya udongo, lakini katika yote mawili fundi huanza kwa kuuliza kitu kimejengwa kwa nini.

Mwaka 2011 kilimo cha kihamba cha Shimbwe Juu kiliingizwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa katika orodha ya urithi wa kilimo duniani. Ni heshima kubwa, ila heshima haizibi tundu.

Tunawaomba wahusika Serikalini, hasa wa halmashauri za wilaya, watenge fedha za matunzo ya kila mwaka na si za ujenzi mpya peke yake. Tunajua ugumu uliopo: mifuko ya saruji huhesabika katika taarifa ya mwaka, siku ambazo wanakijiji wameshindilia udongo hazihesabiki. Upo na ugumu wa pili. Nduwa hukarabatika vizuri wakati wa ukavu, na ndio wakati mkulima anapoihitaji zaidi. Kwa hiyo mabwana maji na maofisa kilimo wakae na wenye mifongo mapema, wakubaliane ni wiki zipi zamu zitasimama na nani atafidiwa maji yake, ili kazi iishe kabla ya mvua za masika.