Kunakili Faili Kuna Ncha Mbili: Ugomvi Wangu na Dirisha Moja

Leo sikuja na somo la kuandika programu, nimekuja na ugomvi. Ninagombana na ile programu ambayo kila mtu huifungua kila siku na hakuna anayeifikiria: programu ya kusimamia faili. Ile inayokuonyesha folda zako, ukanakili hiki, ukafuta kile, ukatoa picha kwenye simu ukazitia kwenye kompyuta.

Wacha niseme msimamo wangu mapema, ili asiyetaka kuusikia aende zake kwa amani. Programu ya faili yenye dirisha moja ni chombo kibaya kwa kazi ya kunakili na kuhamisha. Tumeizoea kwa sababu ndiyo tuliyoikuta kwenye mashine, basi. Kunakili kuna ncha mbili: faili inakotoka na inakokwenda. Programu inayokuonyesha ncha moja tu imekuficha nusu ya kazi yako, na siku moja nusu hiyo itakuuma.

Mimi imeniuma.

Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha maalumu. Laptopu yangu ni ya mtumba, prosesa yake haimo, lakini mashine yenyewe ni nzima kabisa. Nikaona kuitupa ni dhambi, nikaweka Linux. Majuma ya kwanza yalikuwa raha tupu. Kwa upande wa faili nilitumia programu niliyoikuta ndani, kama wafanyavyo wengi, sikujisumbua.

Sasa sikiliza. Mama yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama 22. Mimi ndiye ninayemtunzia mahesabu kwenye lahajedwali: nani amechanga, nani amekopa, nani bado. Nilipohamia Linux niliweka nakala kwenye flashi. Nikaendelea kuandika kwenye laptopu miezi mitatu, kisha siku moja nikasema, ngoja niweke bekapu mpya.

Nikafungua folda ya laptopu. Nikafungua dirisha la pili la folda ya flashi. Folda zote mbili zinaitwa "Mahesabu", kwa hiyo madirisha yote mawili yaliandikwa jina hilo hilo juu, moja limelalia jingine. Nikaburuta faili. Kompyuta ikauliza: faili yenye jina hili ipo, nibadilishe? Bila shaka, badilisha, si ndiyo kazi niliyokuja kufanya? Nikabonyeza ndiyo.

Nilikuwa nimeburuta kutoka kwa flashi kwenda kwa laptopu. Mahesabu ya miezi mitatu yakafunikwa na ya zamani. Hayakwenda hata kwenye pipa la taka, maana hayakufutwa, yaliandikwa juu.

Tuliketi na mama Jumamosi na Jumapili, tukiandika upya kutoka kwenye daftari lake na ujumbe wa M-Pesa kwenye simu. Karibu kila kitu kilipatikana. Lakini mama mmoja alikuwa amemaliza mkopo wake kwa pesa taslimu, na malipo hayo nilikuwa nimeyaingiza kwenye lahajedwali peke yake. Mama yangu aliyakumbuka. Asingeyakumbuka, tungemdai mtu mzima deni alilokwisha kulipa, mbele ya wenzake, na ushahidi wetu ungekuwa "kompyuta inasema".

Kosa ni langu, sikatai. Lakini angalia lile swali nililoulizwa. Nilipokuwa sahihi lingeniuliza vilevile, na nilipokosea liliniuliza vilevile. Onyo linalotokea kila mara, uwe umepotea au hujapotea, halimwonyi mtu. Nilichohitaji ni kuona upande upi ni upi kabla mkono haujaenda.

Hiyo ndiyo kazi ya paneli mbili. Skrini imegawanywa katikati. Kushoto folda moja, kulia folda nyingine, kila moja na njia yake kamili imeandikwa juu. Kitufe cha Tab kinakuvusha kutoka upande huu hadi ule. Ukibonyeza F5, faili uliyosimama juu yake inanakiliwa kwenda paneli ya pili. F6 inahamisha, F7 inaunda folda, F8 inafuta. Na kabla F5 haijafanya lolote, kisanduku kinatokea na anwani kamili ya kunakokwenda. Kama huko kuna faili yenye jina hilo, unaonyeshwa ukubwa na tarehe za zote mbili. Ungeniambia "unataka kufunika faili ya mwezi huu kwa faili ya miezi mitatu iliyopita", ningesimama papo hapo.

Si wazo geni. John Socha alianza kuandika Norton Commander mwaka 1984 akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na kampuni ya Peter Norton ikaitoa mwaka 1986 kwa watumiaji wa DOS. Mwaka 1993 Mswisi Christian Ghisler akatoa Windows Commander, ambayo tangu 2002 inaitwa Total Commander. Mwaka 1994 Miguel de Icaza wa Mexico akaanzisha Midnight Commander kwa watu wa Unix na Linux. Mwaka 1996 Eugene Roshal, yuleyule wa RAR, akatoa FAR Manager. Watu tofauti, nchi tofauti, mifumo tofauti, na wote wakabaki na umbo lile lile na vitufe vile vile. Katika fani yetu, ambapo kila mwaka kitu kinaandikwa upya, hilo si jambo dogo.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote.

La kwanza: "Hiyo ni programu ya wazee." Hili hata mimi nililisema. Chuoni tulikuwa na jamaa aliyetumia Total Commander, tukamcheka, tukamwita mzee wa DOS. Tulikuwa bado tunatafuta folda, yeye ameshamaliza kunakili amefunga laptopu, na sisi tunaendelea kucheka. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nyundo nayo ni ya kale, na sijasikia fundi akiomba toleo jipya lisilo na mpini.

La pili: "Fungua madirisha mawili uyapange ubavu kwa ubavu." Ndiyo, nilifungua mawili. Yakalaliana. Madirisha mawili hayajuani, wala hakuna linalojua kwamba lile jingine ndilo unakopeleka. Ni wewe unayebeba habari hiyo kichwani, na kichwa cha saa nne usiku si cha kutegemewa. Paneli mbili zinajuana. Ukisema nakili, programu tayari inajua wapi.

La tatu: "Siku hizi kuna vichupo." Kweli, hata Windows 11 ilipata vichupo kwenye programu yake ya faili mwaka 2022. Navipenda kwenye kivinjari. Lakini kichupo ni pazia: ukifungua hiki, umefunika kile. Kwa kusoma kurasa ni sawa, kwa kunakili tumerudi palepale. Na ule mti wa folda ulio kushoto si paneli ya pili. Unakuonyesha majina ya folda, haukuonyeshi kilichomo ndani.

La nne: "Skrini yangu ni ndogo." Norton Commander ilifanya kazi kwenye skrini ya herufi 80 kwa mistari 25. Laptopu yako ya mtumba ni uwanja wa mpira ukilinganisha na hapo.

La tano hutoka kwa wenzangu waandishi wa programu: "Mimi natumia terminali, cp na mv zinanitosha." Nazitumia pia, kila siku. Lakini cp ikiachwa hivihivi haikuulizi kitu, inafunika tu, mpaka uiongezee -i. Na kama unapenda terminali kiasi hicho, Midnight Commander inaishi humo humo. Andika mc kwenye seva iliyo mbali, uone folda zako pande mbili bila dawati la michoro.

La sita ni methali: mshika mawili moja humponyoka. Haya, ni kweli kwa anayekimbilia kazi mbili. Ila kunakili ni kazi moja yenye pande mbili, kama kumimina maziwa kutoka sufuria hadi chupa. Nani anamimina huku ameifumba chupa macho yasiione?

Kinachonikera zaidi ni hiki. Wapo wabunifu waliokuwa na jambo hili mkononi wakalitoa. Nautilus, programu ya faili ya mazingira ya GNOME, ilikuwa na uwezo wa kugawanya dirisha kwa kitufe cha F3. Katika toleo la 3.6 la mwaka 2012 uwezo huo uliondolewa, kwa jina la kurahisisha. Mwaka huohuo watu wa Linux Mint walichukua msimbo wa zamani wakatengeneza Nemo, na F3 ikabaki. Dolphin ya KDE nayo inagawanya dirisha kwa F3. Hiyo ndiyo faida ya programu huria: ukinyimwa mlango, unajenga mwingine. Lakini mtumiaji wa kawaida hajui kwamba mlango ulikuwepo. Anachokikuta ndani ndicho anachodhani kinawezekana. Kurahisisha ni kuondoa kisichohitajika. Ukiondoa kinachomwonyesha mtu kazi yake inakwenda wapi, umemrahisishia macho tu, mzigo umemwachia kichwani.

Sasa haki itendeke. Paneli mbili haziponyi uzembe. Mwelekeo hutegemea paneli uliyosimama, kwa hiyo tazama kwanza mstari wenye rangi uko upande gani. F8 imepakana na F7, na kidole kikiteleza badala ya kuunda folda utaulizwa kama unataka kufuta. Soma kabla ya kukubali. Kwenye laptopu nyingi vitufe hivi vimepewa kazi ya sauti na mwangaza, hivyo itabidi ushikilie Fn. Kwenye Midnight Commander unaweza kubonyeza Esc kisha tarakimu, yaani Esc na 5 badala ya F5. Na kwa kutazama picha za harusi tu, dirisha moja linatosha, sigombani na mtu.

Kwa aliyetoka Windows kama mimi, njia ni hizi. Double Commander ni huria, imefuata sana Total Commander, na inaendeshwa kwenye Linux, Windows na macOS. Kwenye Ubuntu na ndugu zake andika:

sudo apt install doublecmd-gtk

Ukitumia KDE, jaribu Krusader. Ukiwa kwenye terminali, mc. Usipotaka kusakinisha chochote na una Nemo au Dolphin, bonyeza F3 sasa hivi. Na mgeni wa Linux akumbuke: "Mahesabu.ods" na "mahesabu.ods" huku ni faili mbili tofauti. Hiyo nayo ni sababu ya kutaka kuziona zote kwa pamoja.

Faida ambayo sikuitarajia ni ya mikono. Nilipobadilisha mfumo nilipoteza menyu nilizozizoea, majina ya diski, mahali pa mipangilio. F5 haikubadilika. Kesho nikikaa mbele ya kompyuta ya mteja yenye Windows, au seva isiyo na kipanya, vidole vyangu tayari vinajua kazi. Ujuzi huo ni wangu, si wa kampuni fulani wala wa toleo fulani.

Mahesabu ya chama sasa nayapeleka kwenye flashi hivi: kushoto laptopu, kulia flashi, kila wiki bila kubadilisha pande. Mama husimama nyuma yangu akitazama. Juma lililopita aliuliza mbona nimeweka vitabu viwili wazi. Nikamwambia, hiki ndicho tunachonakili, na hiki ndicho tunachonakilia.

Akasema, "Si ndivyo inavyotakiwa? Sisi kwenye daftari tunafanya hivyo siku zote."

Tuonane tena wiki ijayo. Mwenye hoja ya saba, ailete.