Kumbukumbu za Tume Zirudishwe Lamu

Mapema mwaka 2012 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilifika Lamu, ikaketi, ikasikiliza. Wazee wa Kibajuni walieleza jinsi walivyokimbia vijiji vyao vya bara katika vita vya Mashifta miaka ya sitini, wakaacha mashamba, visima na makaburi ya wazazi wao. Miaka kadhaa baadaye mzee mmoja aliyekuwa miongoni mwa mashahidi alimwuliza mwandishi wa tahariri hii: "Mwanangu, wewe ni wakili. Maneno yangu wameyaweka wapi?"

Swali hilo linastahili jibu. Tume ilipokea taarifa zaidi ya 40,000 kutoka pembe zote za nchi. Ilipewa kazi ya kuchunguza dhuluma zilizotendwa tangu tarehe 12 Desemba 1963 hadi 28 Februari 2008, na kwa hiyo ililazimika kuwachunguza polisi, majeshi na makachero wa Serikali. Tarehe 21 Mei 2013 ripoti ilikabidhiwa kwa Rais Uhuru Kenyatta. Mwezi Machi 2015 Rais huyo aliomba radhi Bungeni na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10. Bunge lenyewe halikuipitisha ripoti hiyo. Nayo imeandikwa kwa Kiingereza, na kumbukumbu za vikao zimehifadhiwa kwenye intaneti na Chuo Kikuu cha Seattle, nchini Marekani, ambako mmoja wa makamishna alikuwa mwalimu wa sheria. Tunakishukuru chuo hicho. Lakini ni aibu kwetu kwamba mwanafunzi wa Seattle anaweza kuyasoma ya mzee wa Faza kabla ya mjukuu wa mzee huyo.

Ndugu msomaji, visiwa hivi vimekwisha kuona jambo kama hili. Katika Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, wakoloni waliwaleta wafungwa wa kisiasa Manda, ng'ambo tu ya mji wa Lamu, wakawaweka katika kambi ya Takwa. Mmoja wao, mwandishi Gakaara wa Wanjau, aliandika kumbukumbu zake kizuizini, na mwaka 1983 zikatoka kitabuni kwa Kigikuyu. Maandishi ya mfungwa yalibaki nchini. Majalada ya Serikali iliyomfunga yalisafirishwa. Kabla ya uhuru Waingereza walichoma mengine, na mengine wakayapeleka kwao kwa siri. Majalada kama 1,500 ya Kenya yalikuwa Hanslope Park, na hayakukubaliwa kuwapo mpaka mwaka 2011, wazee wetu walipoishitaki Serikali ya Uingereza jijini London. Mara yalipofunguliwa kesi ilipata nguvu mpya, na tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Wazee hao walikuwa wakisema maneno yale yale kwa miaka hamsini. Kilichobadilika ni kwamba karatasi za mtesaji zilikuja kuwaunga mkono.

Ndiyo maana hatutosheki na ripoti peke yake. Ripoti ni hukumu iliyofupishwa. Mwenye haki yake anahitaji ushahidi. Bajuni anayedai shamba la babu yake upande wa Kiunga huambiwa kwamba ardhi ile ilikuwa tupu. Ataonyeshaje kuwa babu hakuhama kwa hiari, ikiwa amri za operesheni zimefungiwa na ushahidi wake mwenyewe hauonekani katika ofisi yoyote ya Lamu?

Wala wasije wakatwambia kuwa hili ni dai la Waislamu wa visiwani. Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 Mpeketoni ilivamiwa, na katika siku zile watu zaidi ya 60 waliuawa, wanaume wakichaguliwa kwa dini yao. IPOA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa polisi, ilichunguza ikawalaumu polisi kwa uzembe na kutoshirikiana. Mjane wa Mpeketoni, ambaye huenda anaketi nawe kanisani Jumapili, anataka kujua ni nani aliyepewa onyo, lini, na alilifanyia nini. Yeye na Bajuni yule wamewahi kugombanishwa juu ya ardhi, na siasa imenenepa kwa ugomvi huo. Katika jambo hili dai lao ni moja, na mlango wanaoubisha ni mmoja.

Tunajua watakavyojibu: usalama wa taifa. Hatulidharau neno hilo, kwani msitu wa Boni uko karibu na mabomu ya barabarani yamewaua raia na askari. Majina ya watoa habari walio hai yafichwe, na mipango ya leo ibaki siri. Lakini vita vya Mashifta vilikwisha mwaka 1967! Australia iliunda tume ya Jaji Robert Hope mwaka 1974 kuchunguza mashirika yake ya ujasusi. Mwaka 2008 kumbukumbu zake zikafunguliwa kwa umma, baadhi ya mistari ikiwa imezibwa. Nchi ile haikuanguka.

Kwetu sheria ipo. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema habari iliyokaa zaidi ya miaka 30 ichukuliwe kuwa si siri, isipokuwa ofisi inayoishikilia ithibitishe vinginevyo. Mzigo wa kuthibitisha ni wao.

Tunadai nakala kamili ya vikao vya Lamu, kwa Kiswahili, iwekwe mahali pa umma mjini Lamu, Faza na Mpeketoni, na majalada ya operesheni za miaka ya sitini yafunguliwe. Parokia, misikiti na vikundi vya haki viandike maombi kwa pamoja, kila ombi litaje kijiji na mwaka. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikikataa au ikinyamaza, malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Haki ya Utawala, nayo nakala ya barua ihifadhiwe na aliyeiandika.