MGONJWA NAAULIZWE

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kuhusu uji nakubali. Kuhusu mgongo sikubali, na sababu yangu niliipata mbali na Pwani, katika milima ya Kisii na Nyamira.

Nilikuwa nikinunua ndizi Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti hizo mbili. Siku moja ya mvua niliinua mkungu, nikateleza, kiuno kikanishika. Mkandaji wa kwanza alinilaza kifudifudi akanipanda kwa magoti, hata jina hakuniuliza. Siku tatu sikuweza kurukuu, nilisali nimekaa.

Ndipo rafiki akanipeleka kwa mzee mmoja upande wa Nyamira. Nilimwamkia, akanikaribisha kiti. "Mwanangu, ulianguka au uliinua? Miguu ina ganzi? Haja ndogo inatoka vizuri?" Aliuliza mpaka chai yangu ikapoa. Akanisimulia kwamba ujanani alibeba vikapu vya majani chai hadi mgongo wake ukaumia, na baba yake aliyemkanda ndiye aliyemfunza kazi. "Najua mkono mzito unavyouma," alisema.

Alipasha viganja moto, akaanza mbali na penye maumivu. Nilipokunja uso, aliinua vidole, akangoja.

Siku hiyo hiyo aliletwa mama aliyeporomoka shambani, miguu imekufa ganzi. Mzee hakumkanda. Aliamuru alazwe juu ya ubao, asikunjwe, apelekwe hospitali mara moja. Hapo nilimwamini kabisa.

Abagusii si wageni wa utabibu wa mkono. Mafundi wao waitwao ababari walikuwa wakipasua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu la mtu aliyepigwa, ambaye maumivu ya kichwa yamekataa kumwacha. Ufundi huo ulirithiwa, baba kwa mwana. Katika miaka ya 1950 Daktari Edward Margetts, aliyekuwa hospitali ya Mathari, Nairobi, aliuchunguza na kuuandikia. Fundi wa fuvu asiyejua mahali pa kukoma huua. Nadhani hata mkandaji wa mgongo yafaa ajifunze hapo.

Huko Marekani, Daniel David Palmer alianzisha kairopraktiki, yaani utabibu wa kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, mjini Davenport mwaka 1895. Leo watu huisomea vyuoni kwa miaka kadhaa. Nasi Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 imetaka utabibu wa jadi uwekewe sera na chombo cha kuusimamia. Ni vyema, maana mjinga asiyezuiwa atavunja watu. Lakini cheti peke yake hakiufunzi mkono kuuliza.

Nayasema haya kwa wakandaji wa kwetu Pwani pia, na kwa daktari aandikaye dawa kabla mgonjwa hajaketi. Dini yetu yatufunza kuwa Mwenyezi Mungu hupenda upole katika kila jambo. Kwa maoni yangu, upole wa tabibu ni kuuliza kwanza, kisha kujua mgonjwa gani si wake.

Nawe ndugu msomaji, mtu akitaka kukupanda mgongoni kabla hajakuuliza umeumia vipi, inuka uende zako. Mimi leo, alhamdulillahi, narukuu na kusujudu.