"Mbona Sisi Tulisoma Peku?"

Sijawahi kukaa kikao cha wazazi kikaisha bila mtu mmoja kusimama na kusema neno hili: elimu siku hizi ni bure, ada ilishafutwa, kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake haonekani shuleni ni mzembe, na dawa ya mzembe ni mgambo. Kabla hajakaa huongeza la kufungia: "Mbona sisi tulisoma peku na tukafaulu?" Hapo hupigiwa makofi. Wanaopiga makofi, kwa jinsi nilivyoona, ni pamoja na wale ambao watoto wao ndio wanaosemwa.

Nilifundisha shule ya msingi ya serikali katika bonde la Kilombero, Tanzania, na wasemaji hao nawafahamu. Si watu wabaya. Wengi walipanda ngazi kwa jasho lao, na wanawatakia watoto wa wenzao mema. Ndiyo maana napenda kuwajibu kwa hoja, maana maneno yao yana ukweli ndani, na ukweli huo ndio unaoyapa kosa lake nguvu.

Nianze na wanayosema sawa. Tangu Januari 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne. Kabla ya hapo mwanafunzi wa sekondari ya kutwa alilipa shilingi 20,000 kwa mwaka na wa bweni 70,000. Mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita nao wakaondolewa ada. Serikali hupeleka ruzuku iliyopangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Hilo si jambo dogo. Na wazembe wapo, sikatai: nimewahi kumfuata baba kilabuni saa nne asubuhi nimuulize habari za binti yake, akaniuliza yuko darasa la ngapi. Lakini kutoka "wazembe wapo" hadi "asiyekuja ni mzembe" pana safari ndefu, na hakuna anayeitembea. Watu huruka tu.

Kwanza, hilo neno bure. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016, ndio huohuo uliofafanua elimumsingi bila malipo, uliorodhesha pia majukumu ya mzazi: sare, madaftari na kalamu, chakula cha mwanafunzi wa kutwa, matibabu, nauli. Waraka haukumficha mtu. Ni sisi tuliosoma kichwa cha habari tukaacha mwili. Chukua nauli peke yake. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayelipa shilingi 200 kwenda na 200 kurudi, kwa siku 194 za masomo, anahitaji shilingi 77,600 kwa mwaka. Hiyo ni karibu mara nne ya ada iliyofutwa ya sekondari ya kutwa, na hapo nimemhesabia anayepanda daladala moja tu. Anayeunganisha mbili, zidisha. Tena sijamweka konda anayesimama mlangoni saa kumi na mbili asubuhi na kusema "wanafunzi wawili tu, wawili tu!" ilhali kituoni wamesimama ishirini. Tulichofuta ni gharama moja iliyokuwa na jina. Zisizo na jina zimebaki.

Pili, dai kwamba maskini hathamini elimu. Hili linapimika, kwa sababu nchi zetu tatu zimelifanyia jaribio bila kukusudia. Uganda ilipoondoa ada za msingi mwaka 1997, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Tanzania ilipozifuta mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), idadi ilipanda kutoka chini ya milioni 5 hadi karibu milioni 6. Kenya mwaka 2003 ilipokea zaidi ya milioni moja wapya. Sasa nauliza: kama tatizo lilikuwa mzazi kutothamini, hao milioni walitoka wapi? Mwamko hauingii kijijini kwa usiku mmoja, siku ileile ada inapoondoka. Watu walikuwa wakitaka muda wote. Kilichobadilika ni bei. Hata Kimani Maruge, mzee wa miaka 84 aliyeanza darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004, hakuwa mzembe kwa miaka themanini halafu akazinduka. Alisubiri mlango ufunguliwe.

Tatu, na hapa ndipo ninapotaka kukaa, umaskini haumtoi mtoto shuleni kama watu wanavyofikiri. Tunauwaza kama ukuta: mtoto anafika, anakuta pamefungwa, anarudi. Nilichokiona mimi ni kitu kingine. Umaskini hula siku, moja hapa, mbili pale, na unapokuja kushtuka mwaka umebaki mifupa.

Chanzo changu ni kitabu ambacho walimu wengi tunakijaza bila kukisoma: daftari la mahudhurio. Mstari kwa aliyekuja, sifuri nyekundu kwa asiyekuja. Mwaka mmoja nililisoma kwa kwenda chini, siku kwa siku, badala ya kwenda pembeni, jina kwa jina. Sifuri zilikuwa na mpangilio. Zilijipanga siku ya gulio. Zilijipanga wiki za mwanzo wa kupanda. Zilijaa hasa Aprili na Mei, mpunga unapotoa maziwa na kwelea kwelea wanaposhuka mashambani kama wingu. Mtoto wa miaka kumi hupandishwa juu ya dungu kabla jua halijachomoza, na kombeo na kopo la kugonga, na hashuki mpaka ndege wamelala. Kuamia ndege hakuhitaji nguvu. Kunahitaji mtu asiye na kazi nyingine ya kulipwa, na katika kaya maskini mtu huyo ana miaka kumi na jina lake liko kwenye daftari langu.

Nilimwita mlezi wa kijana mmoja aliyekosa siku kumi na tatu kwa mwezi. Akaja bibi yake, kwa miguu. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi bila kuegemea. Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha umuhimu wa elimu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, ndege nao wangekuwa na ratiba kama yenu, huyu usingemkosa hata siku moja." Ndipo akanipigia hesabu. Ekari moja ya kukodi. Nusu ya mpunga ilishauzwa ungali kijani kulipa aliyelima. Ndege wakiachiwa siku nne, kilichobaki ni makapi, na Januari hakuna sare, hakuna kaunta buku, hakuna mchango wa uji. Alikuwa akimtoa shule Mei ili aweze kurudi shule Januari. Nimesoma vitabu kadhaa vya uchumi tangu siku hiyo na sijaona kosa katika hesabu yake.

Siku kumi na tatu zenyewe huenda zisingeua kitu. Lakini somo hupanda kama ngazi. Aliyekosa wiki ya sehemu anarudi na kukuta wenzake wako kwenye desimali. Haelewi, anaonekana mzito, anachapwa, anaanza kuchukia shule. Baada ya miaka miwili tunasema kwa nia njema kabisa kwamba huyu kichwa chake hakikuumbwa kwa masomo. Na njaa hufanya kazi ileile hata kwa aliyepo darasani: mtoto aliyetoka nyumbani bila kitu, ikifika saa tano mwili uko dawatini na yeye hayupo. Daftari langu lilimpa mstari.

Nne, peku. Ningeliacha, lakini ndilo linalopigiwa makofi. Waliosoma peku na kufaulu wanasema kweli. Tatizo ni kwamba wao ndio wanaopewa kipaza sauti. Katika miaka ya 1970 na 1980 waliochaguliwa kwenda sekondari walikuwa wachache mno kati ya waliomaliza la saba. Aliyekaa nao dawati moja, naye peku, akakosa nafasi, hasimami kikaoni kusema "mimi nilisoma peku na sikufaulu." Kadhalika, waliochaguliwa walienda wapi? Wengi walienda shule za bweni za serikali, ambako kitanda kilikuwa cha serikali, ugali na maharage vya serikali, na nauli ya treni au basi ilikuwa waranti. Mkulima hakuombwa nauli ya kila siku wala sahani ya mchana. Kwa maneno mengine, kizazi cha peku kilisaidiwa, tena kwa yale hasa ambayo mtoto wa leo wa sekondari ya kata hana: mahali pa kulala karibu na darasa, na chakula. Yeye hutembea kilomita nyingi, au hupangishiwa geto na wenzake watatu wakijipikia kwa kuni za kuokota. Na wasichana wanajua geto huishia wapi mara nyingi.

Sheria je? Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 imefanya utoro kuwa kosa, na kwa baba yule wa kilabuni sina neno. Kwa bibi wa ekari moja, faini inatoka wapi kama si kwenye gunia lilelile? Mgambo atamrudisha mtoto Jumatatu na kumhakikishia kukosa Januari.

Kama ninalosema ni kweli, kwamba kinachoibwa ni siku, basi msaada upimwe kwa siku unazorudisha. Ushahidi upo. Katika eneo la Busia, Kenya, kuanzia 1998, watafiti Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 za msingi zilizopewa dawa za minyoo kwa zamu. Walikuta utoro umepungua kwa kiasi cha robo, kwa dawa ya bei ndogo mno. Hesabu zao zimebishaniwa baadaye, na ni haki zibishaniwe, lakini kwamba mtoto mwenye minyoo hukosa shule, mwalimu yeyote wa kijijini atakuambia. Jimbo la Bihar, India, mwaka 2006 lilianza kuwapa wasichana wanaoingia sekondari pesa za kununulia baiskeli. Uandikishaji wao ukapanda kwa asilimia 32, na tofauti ilionekana zaidi kule shule ilikokuwa mbali. Hakuna aliyewahubiria wazazi wa Bihar. Umbali ulifupishwa.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF. Mwaka 2010, kabla mpango wake wa kunusuru kaya maskini haujaenea nchi nzima, ulijaribiwa katika vijiji vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, vingine vikipewa na vingine vikisubiri ili viweze kulinganishwa. Watoto wa kaya zilizopokea walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumaliza darasa la saba. Na miongoni mwa vitu ambavyo kaya hizo zilionekana kuwanunulia watoto wao, bila kuambiwa na mtu, ni viatu. Natamani habari hiyo isomwe kikaoni mara tu baada ya yule bwana kukaa.

Najua jibu linalofuata: ukimpa maskini pesa ataziendea kilabuni. Ni hofu halali, na ndiyo maana imechunguzwa. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti za nchi nyingi mwaka 2014 na hawakukuta kwamba pesa hizi huongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Penye badiliko, mara nyingi yalipungua. Pesa zenyewe hazifundishi, nakubali. Mtoto aliyerudishwa kwenye darasa la watu mia na mwalimu mmoja amerudishwa nusu tu. Na malipo yakichelewa miezi, kaya hurudi kwa yule anayenunua mpunga ungali kijani.

Mengine hayahitaji hata bajeti ya wizara. Mwalimu mkuu anaweza kuacha leo kumrudisha nyumbani mtoto asiye na sweta au asiyeleta debe la mahindi, kwani adhabu ya kukosa kitu imekuwa kukosa somo. Kamati ya shule inaweza kuamua kwamba uji ni wa wote, aliyechanga na asiyechanga, kwa kupanga mchango kwa uwezo. Na sijawahi kuelewa kwa nini bonde la mpunga lifunge shule kwa kalenda ileile ya jiji. Ndege wa Mei wanajulikana tangu enzi za babu zetu. Likizo ingeweza kuwasogelea wiki mbili.

Daftari lile lilikuwa na namna tatu za kumweleza asiyekuja: mgonjwa, ruhusa, mtoro. Nilipofunga mwaka nilitakiwa kujumlisha, nikafika kwenye jina la mjukuu wa bibi yule. Nilikuwa nimeshajua habari za dungu, za ekari moja, za mpunga uliouzwa kijani. Nikaangalia nafasi zile tatu. Nikaandika mtoro.