Kabla Hujamwita Chawa, Soma Peponi

Vijana wenzangu, hapa Kasingirima kuna tabia inayonikera, na ndani ya chama chetu ndiyo imezidi. Kijana akionekana kwenye msafara wa wakubwa, fulana mpya, pikipiki imejazwa mafuta, basi huyo chawa. Tumemalizana naye. Mimi naomba kwanza tusome riwaya ya Peponi.

Ni ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Nobel ya Fasihi 2021. Ilitoka kwa Kiingereza 1994, ikaja kutafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota 2022. (Miaka 28 kusubiri habari zetu kwa lugha yetu! Hilo nalo lina makala yake.)

Yusuf ana miaka 12. Baba yake anadaiwa na tajiri Aziz, hana cha kulipa. Mtoto anapandishwa treni akidhani anakwenda kutembea kwa mjomba, kumbe kawekwa rehani. Anauza duka bila mshahara, kisha anaingizwa kwenye msafara wa biashara mpaka ng'ambo ya ziwa. Huko mtawala Chatu anawanyang'anya mali, halafu anatokea Mzungu, anatoa amri, Chatu mwenyewe anatii. Wenye nchi wameshabadilika.

Sisi watu wa Ujiji misafara hiyo ilipita kwetu. Lakini makumbusho yetu yanamsimulia Livingstone alivyokutana na Stanley 1871. Reli ya Mjerumani ilifika Kigoma 1914, ikaleta vipande vya meli tunayoiita leo Liemba. Waliobeba vile vyuma ni akina nani? Gurnah amemchukua mtoto ambaye hakuna aliyemwandika popote, akampa jina, hofu na mapenzi.

Mwisho wa kitabu ndio unaoniuma. Vita Kuu inabisha hodi, askari wa Mjerumani wanapita wakikamata watu, Yusuf anajificha. Wakishaondoka, yeye mwenyewe anawakimbilia kwa nyuma. Unaweza kumwita msaliti. Lakini hesabu: baba kamtoa, tajiri kamtumia, msichana anayempenda ni mke wa tajiri huyohuyo. Mlango uliobaki wazi ni ule wa wenye bunduki. Simtetei, maana bunduki hizo zilikwenda kuua watu kama yeye. Nauliza tu nani alimfikisha pale.

Sasa rudi kwetu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa, Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wazaliane. Sawa, samaki wapumzike. Ila kijana wa mwaloni Kibirizi anayekula kwa dagaa wa jana usiku, miezi mitatu ataishije, na mashine ya mtumbwi ni ya mkopo? Akija mtu na elfu kumi na fulana, anakwenda. Wao wamempa fulana, sisi tumempa jina la mdudu. Halafu tunashangaa hatuji naye kwenye kura!

Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha vijana. Kikao kijacho cha tawi nitaomba tuanze na hiyo: nani wa kata yetu ameomba, nani kapata, nani kakataliwa na kwa sababu gani. Habari za fulana zikae kwenye mengineyo.