Ujira wa Tabibu wa Meno

Msomaji, jino bovu lina bei mbili: bei ya kuling'oa na bei ya kuliokoa. Kung'oa ni kazi fupi yenye gharama ndogo. Kuokoa hutaka kusafisha mzizi, kuziba, na pengine kurudi kwa tabibu mara mbili au tatu. Katika Lavington, Nairobi, mwenye uwezo huokoa. Upande wa magharibi, mwendo mfupi tu, ipo Kawangware, na huko wengi hung'oa.

Katika zahanati za binafsi tabibu hulipwa aghalabu kwa kila kazi aifanyayo. Tundu humletea fedha. Jino zima halimletei kitu. Simtuhumu mtu wizi, lakini kanuni hii humtia majaribuni hata mwaminifu: amwambie mgonjwa kwamba doa dogo laweza kungoja, akose ujira, au ashike kekee aupate? Katika hospitali za serikali, mshahara wa mwezi haumtofautishi mwenye bidii na mvivu. Basi wako wasemao kwamba tabibu alipwe kwa ubora wa matibabu.

Nakubaliana nao, ila nauliza: ubora hupimwa kwa nini? Wakihesabu vinywa vizima tu, tabibu wa Lavington atavuna sifa ya mswaki wa nyumbani (ingawa peremende za Lavington nazo zina sukari), na mwenzake wa Kawangware ataadhibiwa kwa ufukara wa wagonjwa wake. Mtu aliyekulia penye floraidi nyingi katika maji ya Bonde la Ufa huja na meno yenye madoa ya kahawia. Hilo ni kosa la tabibu yupi?

Uingereza ilionja ubaya wa kipimo kibovu. Kwa mkataba wa mwaka 2006, tabibu wa huduma ya taifa aliyeziba jino moja na aliyeziba sita katika duru moja ya matibabu walihesabiwa ujira sawa. Mwenye kinywa kibovu akawa mzigo. Kasoro hiyo ilipunguzwa mwaka 2022, baada ya miaka kumi na sita!

Kipimo cha haki huanzia pale mgonjwa alipoanzia. Katika meno yaliyoweza kuokolewa, mangapi yaliokolewa? Kizibo kimedumu? Ufizi umeacha kutoka damu? Na akague tabibu mwingine asiye na faida katika jambo hilo.

Wala ubora usifanywe kisingizio cha kupunguza mshahara. Madaktari wa hospitali za umma Kenya, matabibu wa meno wakiwamo, waligoma siku 100, tangu Desemba 2016 hata Machi 2017, wakidai mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2013. Malipo ya ubora yaongezwe juu ya mshahara.

Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya umma iko mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mshika mfuko ana neno katika bei. Kabla ya kumaliza kulipa, aulize jino lile li hali gani katika mwaka wa pili.